Wazoefu na wageni katika michezo ya intaneti

Wanafunzi wenzetu wengi wanacheza kwa telefone pamoja na watu wasiowaona kwa macho. Malalamiko yao tunayajua: "Niliingia mara ya kwanza, wakaniua mbio, kiisha wakaniita nubu." Nubu ni neno la Kiingereza kwa mugeni asiyejua kitu, na hawalisemi kwa upendo. Juu ya nini wazoefu wanafanya vile?

Tuangalie kwanza Ultima Online, mchezo wa Marekani uliotoka mwaka 1997. Ilikuwa kama inchi kubwa, watu wengi wanaishi ndani yake pamoja: mumoja anachimba chuma, mwingine anashona nguo. Ndani ya muji walinzi walimuua mara moja kila anayeshambulia mwenzake. Lakini inje, katika pori na milima, hapakuwa mlinzi. Wazoefu walijificha huko wakingoja mugeni apite, wakamuua na kunyanganya vyote. Kwao ilikuwa kicheko. Kwa mugeni ilikuwa kazi ya siku nzima imepotea, naye alikuwa analipa feza kila mwezi. (Wadogo wa interna waliopoteza sabuni juma la kwanza wataelewa bila sisi kueleza.) Wageni wengi wakaacha mchezo. Mwaka 2000 kampuni ikafungua inchi ya pili, jina lake Trammel, ambamo hakuna anayeweza kukushambulia kama haukukubali. Watu wengi sana wakahamia kule. Wanyanganyi hawakushindwa kwa vita. Walibaki tu katika pori lao, bila watu wa kunyanganya.

EVE Online, mchezo wa Iceland uliotoka mwaka 2003, ni mukali zaidi: kudanganya na kuiba vinaruhusiwa. Hata hivyo kampuni imekataza kusumbua wageni katika fasi wanapoanzia. Na mwaka 2004 wachezaji wenyewe walianzisha EVE University, kikundi kinachopokea wapya na kuwafundisha bure. Hatufikiri ni huruma peke yake. Katika mchezo ule vikundi vinapigana juu ya inchi, na kikundi kisichopata wapya kinazeeka na kufa.

Lakini tuseme haki: hasira ya wazoefu mara nyingine iko na sababu. Katika League of Legends, mchezo wa mwaka 2009, watu watano wanapigana na watano. Kila mara mugeni anapouawa, adui anapata zahabu, na kwa zahabu ile ananunua nguvu ya kuwapiga wale wane waliobaki. Basi makosa ya mumoja wanalipa wote, na mechi inaweza kupita nusu saa. Ndiyo maana mashini inapima nguvu ya kila mutu kwa hesabu, na kuweka wanaolingana pamoja. Kuna wazoefu wanaofungua jina jipya ili mashini iwahesabu kama wageni, wapate kupiga wazaifu. Huo sisi tunauita woga.

Mugeni naye iko na kazi yake. Michezo mingi ya namna hii ina fasi ya kujizoeza na mashini, bila kuharibia mutu. Apite kule kwanza. Kiisha, mbele ya mechi, aandike: "Mimi ni mupya, nisimame wapi?" Mwenye kumutukana atakuwako, lakini katika wane mara nyingi mumoja anajibu, na anayejibu ndiye wa kufuata.