Nyaraka za Napoleon: Mkono, Sahihi na Mnada

Mwanafunzi wa fasihi aghalabu hukutana na waraka wa kale ukiwa umekwisha kuchapwa: mwandiko umetoweka, makosa yamesahihishwa. Kinachopotea katika safari hiyo kinadhihirika katika nyaraka za Napoleon Bonaparte, aliyeshika utawala wa Ufaransa mwaka 1799. Nyaraka zake zaidi ya 40,000 zilichapishwa katika majuzuu 15 kati ya mwaka 2004 na 2018, lakini nyingi hakuziandika kwa mkono wake. Yeye alitoa imla kwa kasi, makatibu wakiyakimbilia maneno, kisha akatia sahihi.

Mwaka 2012, Makumbusho ya Barua na Miswada ya Paris yalinunua mnadani nyaraka zake mbili zinazostahili kulinganishwa. Wa kwanza uliandikwa kwa tarakimu za siri tarehe 20 Oktoba 1812, siku moja baada ya Napoleon kuondoka Moscow. Unamwarifu waziri wake wa mambo ya nje, Maret, kwamba ngome ya Kremlin italipuliwa alfajiri ya tarehe 22, na kwamba farasi wa jeshi wanakufa kwa wingi. Maneno ni mazito. Ila mwandiko ni wa karani, na cha mtawala ni sahihi iliyokatwa, "Nap". Ulinunuliwa kwa yuro 187,500.

Wa pili, wa mwaka 1816, hauna siri yoyote ya vita. Napoleon, wakati huo mfungwa wa Waingereza katika kisiwa cha St Helena, alikuwa akifundishwa Kiingereza na Las Cases. Usiku mmoja, usingizi ulipomruka, alimwandikia mwalimu wake kwa lugha hiyo ngeni. Sarufi imepinda vibaya. Ikumbukwe kwamba hata Kifaransa hakikuwa lugha yake ya kwanza: alizaliwa Corsica mwaka 1769, akakua na lugha ya kisiwa hicho iliyo jamaa ya Kiitaliano, na tahajia ya Kifaransa ikamsumbua hata alipokuwa mfalme mkuu. Waraka huu wenye makosa ulifika yuro 325,000.

Wanunuzi, kwa mara moja, walihakiki vyema. Katika waraka wa Moscow sauti imepita kwa katibu na kwa mtia tarakimu. Katika ule wa St Helena yuko mtu mmoja akishindana na lugha. Mhakiki anayenukuu waraka wa imla kama ushahidi wa mtindo wa Napoleon pengine anauhakiki mtindo wa Méneval au Fain, makatibu wake.

Lakini mkusanyo wenyewe haukudumu. Kampuni iliyoumiliki ilifilisiwa mwaka 2015, makumbusho yakafungwa, na tangu Desemba 2017 hazina yake ikaanza kupigwa mnada. Aprili 2019, nyaraka tatu za mapenzi alizomwandikia mkewe Josephine ziliuzwa kwa jumla ya yuro 513,000. Majuzuu yamo maktabani, lakini anayetaka kuuona mkono uliokwaruza karatasi humbidi kumtafuta mnunuzi, na mnunuzi wa mnada halazimiki kujitambulisha.