Abiria Wasioonekana wa Ndege wa Majini

Tope la chini ya Ziwa Naivasha, nchini Kenya, limetuama tabaka juu ya tabaka, jipya juu ya kuukuu, na ndani yake yamo mayai ya viroboto maji walioishi humo miaka mingi iliyopita. Kiroboto maji ni mnyama wa ukoo wa kamba na kaa, mwenye urefu wa milimita mbili hivi. Watafiti kutoka Ubelgiji walichimbua tope hilo, wakasoma vinasaba vya mayai tabaka kwa tabaka, na mwaka 2006 wakatoa habari iliyowashtua wenzao. Ziwa lilikuwa na viroboto maji wenyeji, wengi na wa nasaba mbalimbali. Kisha akaingia mgeni kutoka Marekani: ukoo mmoja wa majike watupu, wanaozaa bila dume, kila mtoto akiwa nakala ya mama yake. Haikupita miaka 60, wenyeji wakawa wametoweka. Watafiti walipopima viroboto maji wa aina hiyo katika sehemu nyingine za Afrika walikokuwa wakiishi wenyeji, walikuta ukoo uleule mmoja wa Kimarekani.

Kuingia kwake Naivasha kunaelezeka. Mwishoni mwa miaka ya 1920 waliletwa ziwani samaki wa Kimarekani aina ya bass, kwa ajili ya wazungu waliopenda kuvua kwa ndoana, na inaaminika mgeni huyu alikuja ndani ya maji ya samaki hao. Swali gumu ni la pili. Alitokaje hapo akafika maziwa mengine? Kiroboto maji hana mguu wa kutembea nchi kavu wala bawa. Ukimtoa majini hamalizi saa moja. Mkono wa mtu huenda ulisaidia tena, lakini kuna msafiri mwingine anayetoka ziwa hili akaoga katika ziwa lile siku hiyohiyo, naye ni ndege.

Siri iko kwenye yai. Maji yanapoharibika, yakikauka au chakula kikiwa haba, jike hutaga mayai ya namna nyingine, ya akiba, yaliyofungwa ndani ya ganda gumu lenye umbo la tandiko la farasi. Ganda hilo hustahimili ukavu na baridi, na yai laweza kungoja topeni kwa makumi ya miaka. Aghalabu huelea, na lina vijiba vidogo vinavyonasa kwenye manyoya. Kwa ukoo ule wa Kimarekani hata yai la akiba halihitaji dume, kwa hiyo yai moja likidondoka katika lambo jipya latosha kuanzisha taifa zima. Rotifa nao, wanyama wadogo kuliko punje ya chumvi, wana mayai ya akiba ya aina hiyo.

Charles Darwin aliliona jambo hili mapema. Katika kitabu chake cha mwaka 1859 alisimulia jinsi alivyoning'iniza miguu ya bata katika chombo cha maji kilichokuwa na konokono waliotoka kuanguliwa. Konokono wakapanda miguuni, wakang'ang'ania, na katika hewa yenye unyevu wakaishi kati ya saa 12 na 20. Muda huo, alipiga hesabu, bata angeweza kuruka zaidi ya kilomita 900. Kisha akachota vijiko vitatu vya tope ukingoni mwa kidimbwi, akaliweka chumbani mwake kwa miezi sita, akihesabu kila mmea uliochipua. Ilitoka mimea 537, na tope lote lilienea katika kikombe kimoja cha chai. Napenda jaribio hili kwa sababu halikuhitaji mashine yoyote. Mwalimu wa shule ya msingi Kisumu au Mwanza anaweza kulirudia kesho na wanafunzi wake.

Ila Darwin, kwa wanyama hawa, alitazama zaidi miguu. Njia ya ndani haikupewa uzito mpaka miaka ya 1960, Vernon Proctor wa Texas alipowalisha bata mayai ya wanyama wadogo wa majini, akasubiri, kisha akaweka kinyesi chao majini. Baadhi ya mayai yalianguliwa. Yalikuwa yamepita kwenye firigisi inayosaga mbegu na mchanga, yakapita kwenye asidi na utumbo, yakatoka hai. Sio yote, wala sio mengi. Lakini bata mmoja hula mayai mengi, na bata ni wengi.

Uthibitisho mzuri zaidi umetoka kusini mwa Hispania, kwenye mabwawa ya chumvi ya ghuba ya Cádiz. Humo huishi uduvi wa maji ya chumvi, Artemia, ambaye mayai yake makavu huuzwa ndani ya makopo kwa wafugaji wa samaki duniani kote. Aina ya Kimarekani ilifika Ulaya kupitia biashara hiyo na sasa inawasukuma nje wenyeji. Mwaka 2005 watafiti waliripoti kukuta mayai hai ya uduvi hao kwenye kinyesi cha ndege wa matopeni, wale wenye midomo mirefu wanaohama kwa majira.

Habari hii inatugusa moja kwa moja. Katika miaka ya 1980 uduvi huyohuyo wa Kimarekani aliwekwa kwenye mashamba ya chumvi ya pwani ya Kenya, kaskazini mwa Malindi. Si mbali na hapo, mlango wa Mto Sabaki hupokea kila mwaka ndege wa matopeni kwa maelfu, waliozaliwa Siberia na kaskazini mwa Ulaya. Wanakula kwenye tope la mto na kwenye mabwawa ya chumvi, kisha wanaondoka. Anayeweka kiumbe kigeni katika bwawa moja la pwani hiyo amekiweka kwenye njia kuu, na sioni kwa nini vibali vya ufugaji vitolewe kana kwamba kila bwawa lina ukuta unaofika mbinguni.

Wapo wanasayansi wanaoonya tusimtwishe ndege mzigo wote, na onyo lao lina mantiki. Upepo na mafuriko hubeba mayai pia, na watu hubeba zaidi. Tena kufika si kukaa. Ziwa lililojaa wenyeji waliokwisha kulizoea huwa gumu kwa mgeni, kwa kuwa nafasi imeshikwa na tope lina akiba ya mayai yao. Ndiyo maana maziwa jirani huweza kutofautiana ingawa bata wanazunguka kati yao kila siku. Na ndiyo maana kisa cha Naivasha kinatisha: wenyeji walikuwa wengi, walikuwa na akiba topeni, na bado walishindwa.

Watu pia hubadilisha njia za ndege bila kukusudia. Ziwa Nakuru halikuwa na samaki mpaka walipopandikizwa perege wadogo kutoka Ziwa Magadi, kati ya miaka ya 1950 na mwanzo wa miaka ya 1960, ili wale viluwiluwi wa mbu. Samaki wakastawi, na mwari wakafuata. Mwari waliokuwa na viota Ziwa Elmenteita wakawa wanaruka kwenda Nakuru kuvua na kurudi kulisha makinda, na kila safari ina miguu iliyolowa, manyoya yaliyolowa na tumbo lililojaa. Kwa muda mrefu magadi makali ya Nakuru yaliua wageni wengi wa maji baridi kabla hawajazaa. Tangu karibu mwaka 2010 maji ya maziwa ya Bonde la Ufa yamepanda sana, magadi ya Nakuru yamezimuliwa, na heroe wengi wamehamia kwingine kutafuta chakula. Mayai yaliyokuwa yakishushwa hapo na kufa sasa yanaangukia maji mapya.