Kugundua na Kutibu Kifua Kikuu Mjini: Mfano wa Glasgow, 1957

Ukiulizwa jinsi jamii za mijini zilivyopambana na kifua kikuu katikati ya karne ya 20, usitaje dawa peke yake. Jibu kamili lina sehemu mbili: kumpata mgonjwa, na kumtibu mpaka apone.

Hali ya mji
Glasgow, mji wa viwanda nchini Uskoti, ulikuwa na familia nyingi zilizobanana katika vyumba vichache. Bakteria wa kifua kikuu huenea kwa njia ya hewa mgonjwa anapokohoa. Kwa hiyo mgonjwa mmoja aliweza kuwaambukiza wengi wa nyumba yake.

Kugundua
Mwezi Machi na Aprili 1957, kwa muda wa majuma matano, watu zaidi ya 700,000 walipigwa picha za eksirei ya kifua. Magari yenye mashine yalipelekwa mitaani, watu wa kujitolea walipita nyumba kwa nyumba kuhamasisha, na zawadi zilitolewa kwa bahati nasibu. Wagonjwa zaidi ya 2,000 waligunduliwa.

Kwa nini kupima hata wasiolalamika? Kwa sababu mapafu huweza kuanza kuharibika kabla mtu hajajihisi mgonjwa. Hata hivyo, eksirei huonyesha kivuli tu. Makohozi hupimwa ili kuthibitisha kuwapo kwa bakteria.

Kutibu
Streptomaisini iligunduliwa mwaka 1943. Ilipotumiwa peke yake, wagonjwa wengi walipata nafuu, kisha baadhi yao wakazidiwa tena. Sababu ni hii: miongoni mwa mamilioni ya bakteria, wachache ni sugu kwa dawa moja. Dawa huua wengine, na hao wachache huzaliana. Ni nadra sana bakteria mmoja kuwa sugu kwa dawa mbili au tatu kwa pamoja. Ndiyo maana madaktari waliunganisha streptomaisini, PAS na, kuanzia mwaka 1952, isoniazidi. Mgonjwa alitumia dawa kwa mwaka mmoja au zaidi.

Zingatia
Kupima bila kutibu huacha maambukizi yaendelee. Kutibu bila kutafuta huwafikia tu waliokwisha kuzidiwa. Glasgow ilifanya yote mawili kwa wakati mmoja.

Kanuni hizo hazijabadilika. Leo matibabu ya kawaida huchukua miezi sita, na huanza kwa dawa nne. Kikohozi huweza kuisha mapema, lakini bakteria wakawa bado wamo. Anayeacha dawa kwa kuwa amepata nafuu huweza kurudiwa na ugonjwa uliokuwa sugu, akawaambukiza usugu huo walio karibu naye.

Jipime
1. Kwa nini eksirei peke yake haitoshi kuthibitisha kifua kikuu?
2. Eleza jinsi kutumia dawa moja kunavyosababisha usugu.
3. Jirani yako ameacha dawa baada ya mwezi mmoja kwa sababu hakohoi tena. Utamshauri nini? Toa hoja mbili.