Treni ya mezani? Ipe mgodi!

Washikaji wananicheka: mtu mzima na vitreni! Lakini treni inayozunguka bila kazi ndiyo ya kitoto. Yangu itabeba risasi ya Mpanda. Madini, jamani, siyo ya bunduki. Reli ya Kaliua–Mpanda, kilomita 210, ilifunguliwa 1950 kwa ajili ya mgodi huo. Ipunguze mara 87, bado inazidi kilomita mbili. Chumba changu mita tatu! Basi Kaliua itakuwa nyuma ya pazia. Mabehewa matupu yaingie, yaliyojaa yatoke. Kasheshe ni injini ya mvuke: inywe maji, halafu ipite njia ya pembeni ikashike mabehewa upande wa pili. Njia hiyo ikiwa fupi, imekula kwako. Nimepima: mabehewa manne tu.