Je, Wajua? Protini Inayojikata na Kujiunga Yenyewe

Mwaka 1990 ilibainika kwamba protini inayotokana na jeni ya hamira iitwayo VMA1 huundwa ikiwa na kipande cha ziada katikati, chenye asidi amino 454 na kiitwacho inteini, ambacho hujikata chenyewe na kuziunganisha sehemu mbili za pembeni, yaani eksteini, bila kimeng'enya kingine wala nishati kutoka nje. Eksteini ya kwanza huhamia kwanza kwenye atomu ya salfa ya sisteini iliyo mwanzoni mwa inteini, kisha kwenye sisteini iliyo mwanzoni mwa eksteini ya pili. Ndipo asparajini iliyo mwishoni mwa inteini hujikunja kuwa pete na kuiachilia inteini, na eksteini hizo hufungwa kwa kifungo imara cha peptidi, kile kile kinachounganisha asidi amino katika protini zote.

Katika bioteknolojia, inteini iliyorekebishwa huunganishwa na kipande kinachoshika kitini, dutu ngumu ya magamba ya kaa, ili protini inayotakiwa inaswe, isafishwe, kisha iachiliwe kwa kemikali yenye salfa. Bakteria wa kifua kikuu naye ana inteini, hivyo watafiti wanatafuta dawa za kuizuia.