Ukiogopa kupita mbele ya jukwaa

Tarehe 20 Oktoba 1993, siku ya Kenyatta, nilikuwa darasa la saba na nilikuwa kwenye kikosi cha skauti wa shule yetu. Tulikuwa tumefanya mazoezi wiki tatu nzima. Bendi ikaanza, tukaamriwa kutembea, na mkono wangu wa kulia ukaondoka pamoja na mguu wa kulia, wa kushoto na wa kushoto. Jaribu kutembea hivyo hapo ulipo uone. Kila nilipojitahidi kurekebisha ndivyo nilivyozidi kukakamaa. Mtu mmoja pembeni akapaza sauti, "Ngamia!" Watu wakacheka. Baya zaidi ni kwamba alisema kweli, maana ngamia hutembea kwa kutanguliza miguu ya upande mmoja pamoja, kama anavyojua yeyote aliyewatazama wale wa kupandisha watalii ufuoni. Jina hilo nilikuwa nalo hadi nikamaliza kidato cha nne.

Nimelikumbuka wiki hii kwa sababu binti yangu amechaguliwa kupiga gwaride Sikukuu ya Mashujaa, ambayo ni ile ile siku ya Kenyatta iliyopewa jina jipya na katiba ya 2010. Juzi baada ya swala ya Isha alinifuata barazani akaniambia, "Baba, mwambie mwalimu mimi naumwa." Haumwi popote. Alikuwa amekula sahani mbili za wali. Sikumwambia mwalimu. Nilimwambia yeye haya ninayoyaandika hapa, maana najua yupo mtoto mwengine mtaani, na pengine mtu mzima pia, anayetafuta homa ya uongo kabla ya siku yenyewe.

Kwanza, kuogopa si ugonjwa wala si upungufu wa imani. Nabii Musa alipotumwa kwa Firauni aliomba Mola amkunjulie kifua, na dua yake hiyo bado tunaisoma tukitaka kusimama mbele ya watu. Mwili ukihisi hatari humwaga homoni ya adrenalini. Moyo unakwenda mbio, viganja vinatoka jasho, misuli inakaza ili ukimbie au upigane. Shida ya gwaride ni kwamba hukimbii wala hupigani. Unatakiwa utulie.

Na ndipo ungamia unapoingia. Mkono kupishana na mguu ni jambo ulilolifanya tangu utotoni bila kulifikiria. Siku ya gwaride unaanza kuusimamia mkono wako kama mfanyakazi mgeni, nao unaharibu kazi. Hili sikulielewa mpaka nilipokuwa mtu mzima, nilipojiunga na watu wa kujitolea wa huduma ya kwanza na kufundishwa hatua na askari mmoja mstaafu. Mzee yule hakuwahi kunitajia mikono. Alisema, "Sikiliza ngoma kubwa. Ikipiga, mguu wa kushoto chini." Basi. Akili ina nafasi ya kushika jambo moja, kwa hivyo ipe ngoma. Mikono itajitafutia.

Kitu cha pili alichotufundisha ndicho ninachokithamini zaidi: kubadili hatua. Ukigundua umepotea, mguu wa nyuma unausogeza haraka hadi kwenye kisigino cha mguu wa mbele, kisha ule ule wa mbele unaondoka tena. Ni kama kuruka kidogo, na aliye jukwaani haoni kitu. Sisi shuleni tulifundishwa namna ya kutokosea tu, hatukufundishwa namna ya kurudi baada ya kukosea. Mzee alitufanyisha makusudi, mara thelathini, arubaini kwa asubuhi moja, tupotee na turudi. Baada ya hapo kukosea hakukunitisha tena.

Macho ya watu je? Mtazame aliye mbele yako kwenye ukosi, usitafute sura za jamaa zako. Mkifika mbele ya jukwaa na kuamriwa kutazama kulia, wote hugeuza shingo isipokuwa mstari wa kulia kabisa, ambao huendelea kutazama mbele ili kikosi kisipinde. Walimu wengine humficha mtoto mwoga nyuma kabisa. Mimi ningemweka katikati, awe na mtu mbele na mtu kila upande wa kumshika hatua.

Lakini kinachoangusha watu hasa si kutembea, ni kusimama. Mgeni rasmi akichelewa, na sote tunajua huchelewa, watoto husimama juani saa nzima. Ukikaza magoti na kutulia kama mti, damu hutuama miguuni kwa sababu misuli ya ndama za miguu ndiyo huisukuma kurudi juu. Ubongo ukikosa damu ya kutosha, unazimia. Dawa yake ni ndogo: legeza magoti kidogo, chezesha vidole ndani ya viatu, bana na uachie misuli ya miguu. Hakuna atakayeona. Masikio yakianza kuvuma, jasho la baridi likakutoka na macho yakaingia giza, piga goti au kaa chini. Afadhali uonekane umekaa kuliko kupasua kidevu kwenye lami. Na mtu akizimia mlaze chali, muinue miguu, mpishe hewa. Kumzunguka mkipiga kelele hakumsaidii.

Haya nayasema nikiwa nimeyaonja. Tarehe 1 Juni 2018, sikukuu ya Madaraka, ilituangukia ndani ya Ramadhani, na siku hiyo nilipita nimefunga. Daku sikuiacha: uji, tende, na maji nikayanywa kidogo kidogo kuanzia usiku. Mwenzangu mmoja alilala moja kwa moja bila daku. Hotuba ilipofika katikati nilimuona anayumba. Tukamtoa kivulini, akafungua kwa maji, siku ile akailipa baadaye. Kwa hiyo asubuhi ya gwaride mtoto ale, japo chai na mahamri mawili, hata kama anasema tumbo limekaza. Na viatu visiwe vipya siku hiyo. Watoto wetu wamezoea ndara, ukimvisha ngozi ngumu asubuhi ya sikukuu atachechemea kabla ya bendi kuanza.

Binti yangu hajasema ameacha kuogopa. Ila tangu juzi anafanya mazoezi ya kubadili hatua sebuleni na viatu vyake vyeusi, mimi nikimpigia ngoma kwa sinia la mamake. Tunaishi ghorofa ya pili. Jirani wa chini ameshapanda mara mbili kuuliza kuna nini.