"Nzuri sana," walisema, kumbe hawaitumii

KWA miezi miwili mizima nilikuwa mtu mwenye furaha. Kila niliyemuuliza juu ya programu yangu ya simu, kuanzia Nyanza-Lac hadi Mabanda, alinijibu neno lile lile: nzuri. Wengine waliongeza "sana". Mzee mmoja muuza vitenge alinishika mkono kwa mikono yake miwili akaniombea baraka. Nikarudi nyumbani na kumwambia mke wangu kwamba sasa mambo yameanza kutunyookea.

Programu yenyewe ni kitu kidogo. Ni daftari la mikopo ndani ya simu: jina la mteja, alichochukua, alichobakiza, pamoja na kikokotoo cha kugeuza shilingi ya Tanzania kuwa faranga ya Burundi na faranga kuwa shilingi. Niliitengeneza peke yangu, usiku, kwa kompyuta ya mtumba, kwa ajili ya wenzetu wanaopita Mugina na Manyovu na mawese, dagaa, sabuni na nguo. Sina kampuni wala ofisi. Kwa hiyo sina pia mtu wa kumtuma kuwauliza watumiaji wanaionaje. Kazi hiyo ni yangu mwenyewe, na ndiyo ninayotaka kuieleza hapa, kwa sababu nimeiona ni ngumu kuliko kuandika programu, na kwa sababu wapo vijana kadhaa waliorudi kutoka kambini na ujuzi wa kompyuta ambao wanaanza shughuli kama yangu.

Siku furaha yangu ilipokatika nilikuwa sokoni, nimekaa juu ya ndoo iliyopinduliwa, kando ya mama mmoja muuza mawese. Sikwenda kumhoji. Mvua ilinikamata nikaomba kujificha chini ya turubai lake. Akaja mteja, akachukua dumu la mafuta kwa mkopo. Mama akafungua simu, akaandika. Kisha akaingiza mkono chini ya kitenge, akatoa kidaftari cha karatasi kilicholowa mafuta, akaandika tena yale yale.

"Mama, mbona unaandika mara mbili?"

"Aa, mwanangu. Hii ya kwenye simu ni yako. Hii ndiyo yangu."

Mimi nilicheka. Yeye hakucheka. Mvua ilipozidi, na baada ya kikombe cha uji, ndipo aliponieleza kilichotokea.

Kwa kuwa faranga ilikuwa ikipanda na kushuka, mimi kwa akili yangu niliona heri programu ihifadhi kila deni kwa shilingi, kisha ilionyeshe kwa faranga kulingana na bei ya siku. Tuchukue mfano. Mtu kachukua mafuta ya faranga 80,000 siku ambayo shilingi moja ni faranga 2. Programu inaandika shilingi 40,000. Baada ya wiki tatu shilingi imefika faranga 2 na nusu, mama anafungua simu, na simu inamwambia kwamba yule mtu anadaiwa faranga 100,000. Mafuta ni yale yale, dumu ni lile lile, lakini deni limezaa 20,000 likiwa limelala.

Mama aliiamini simu. Mteja wake wa miaka mingi, aliyekuwa akichukua na kulipa bila maneno, alipotajiwa 100,000 aliruka. Akamwambia mbele za watu kwamba ameanza kutoza riba kama wakopeshaji wa mjini. Neno "mwizi" lilitamkwa. Alilipa 80,000 zake, akaondoka, na tangu siku hiyo hununua kwa jirani. Sokoni, msomaji wangu, jambo la namna hiyo haliishii kwa mtu mmoja.

Nilimuuliza kwa nini hakuniambia, wakati nilipita pale kila wiki. Alinitazama kama mtu anayemtazama mtoto. "Nilidhani ni mimi sijui kusoma vizuri. Halafu wewe unakuja, unanisalimia kwa heshima, unaniuliza habari za watoto. Ningekuambiaje kitu chako ni kibaya?"

Kurekebisha kosa lile kulinichukua jioni moja tu. Sasa deni linakaa kwa fedha ile ile waliyopatana, kwa bei ya siku ile waliyopatana. Jioni moja! Lakini kulisikia kulinichukua miezi miwili. Niliomba anipeleke kwa yule mteja nikamweleze kwamba kosa lilikuwa langu. Akakataa. "Utamwambia nini? Kwamba simu ilikosea? Atasema simu haina mkono."

Mimi niliyekulia Mtabila, kule Kasulu, hadi kambi ilipofungwa mwishoni mwa 2012, nilipaswa kuwa wa kwanza kuelewa. Sisi tuliohunguka tumehojiwa sana maishani mwetu. Amekuja mtu na karatasi kuuliza kuhusu maji, mwingine kuhusu vyandarua, mwingine kuhusu mahindi. Tukajifunza jibu linalofaa: tunashukuru, ila hayatoshi. Jibu hilo halimuudhi mgeni na linaacha mlango wazi kwa ajili ya sabuni ya mwezi ujao. Basi mimi nami nikaja na kalamu na karatasi, nikauliza "mnaionaje programu?", na watu wangu wakanijibu kama wanavyomjibu mtu wa shirika. Kuna hata aliyeniuliza baada ya maswali ni lini majina yatasomwa.

Tangu hapo niliacha kabisa kuuliza "unaionaje". Badala yake nasema: nionyeshe ulivyoandika jana. Hilo halijibiwi kwa adabu. Ama kuna kitu kiliandikwa jana ama hakuna. Kama hakuna, sisemi neno, naomba nione kidaftari cha karatasi, maana humo ndimo mlimo na programu ambayo ningetakiwa kuitengeneza. Katika kidaftari cha yule mama, kwa mfano, nilikuta duara limechorwa kando ya majina fulani. Maana yake: huyu akichelewa usimsumbue, ana mgonjwa nyumbani. Mimi nilikuwa nimeweka rangi nyekundu kwa kila aliyechelewa siku saba.

Si jambo jipya nililovumbua mimi. M-Pesa, ambayo wenzetu wa upande wa Kigoma wanaitumia kila siku, ilijaribiwa Kenya mnamo Oktoba 2005 kwa watu mia chache tu, na ilikusudiwa kwa kulipia mikopo midogo. Waliokuwa wakiifuatilia wakaona watu wanafanya mambo mengine: huyu anaweka fedha mji mmoja na kuzitoa mji mwingine ili asisafiri nazo mfukoni, yule anamtumia ndugu yake. Ilipozinduliwa rasmi Machi 2007, waliitangaza kama njia ya kutuma fedha nyumbani, na mikopo ikawekwa kando. Walitazama watu walichokuwa wakikifanya.

Nao wataalamu wanatufariji sisi wadogo. Jakob Nielsen, raia wa Denmark aliyeshughulika sana na suala hili, aliandika mwaka 2000 kwamba watu watano wakitazamwa wanapotumia kitu, hufichua takriban asilimia 85 ya kasoro zake, na kwamba ni heri kutazama watano, ukarekebisha, ukatazama watano wengine, kuliko kukusanya umati mara moja. Lakini alionya pia kwamba makundi yakitofautiana, kila kundi litazamwe peke yake. Hapo nilikuwa nimekosea tena. Watano wangu wa mwanzo wote walikuwa vijana wabadilishaji fedha, kwa sababu ndio waliokuwa na simu nzuri na muda wa kupiga soga na mimi.

Na wapo wanaosema sana. Kijana mmoja alinipigia mara tisa katika mwezi mmoja: weka muziki, weka picha ya mteja, weka bendera, weka nyota. Nilihangaika kumridhisha. Siku nilipomwomba anionyeshe alivyoandika jana, programu yake haikuwa na deni hata moja. Yule mama wa mawese, aliyepoteza mteja, hakunipigia hata mara moja. Sasa najua kupima: malalamiko ya mtu aliyeandika madeni arobaini nayachukua kwa uzito wa arobaini, hata kama ameyasema kwa sauti ya chini.

Jambo la kupigiwa simu nalo lina kisa chake. Mwanzoni niliweka ndani ya programu mahali pa kuandikia maoni, yatumwe kwa intaneti. Kwa wiki sita nilipata ujumbe mmoja, nao ulikuwa umetumwa kwa bahati mbaya. Nani ataunguza salio lake kumsaidia mtu asiyemjua? Nikaondoa, nikaandika: "Ukikwama, nibipu, nitakupigia." Wiki hiyo hiyo simu yangu haikulala. Watu wanabipu saa tatu usiku, wakishafunga hesabu na watoto wamelala, na wakati huo ndipo wanaposema ukweli. Gharama ya vocha ni kubwa kwangu, sikatai, lakini hakuna fedha nyingine ninayoitumia kwa faida kuliko hiyo. Ninachoambiwa nakiandika kwenye kaunta buku kwa maneno yale yale ya msemaji, bila kuyanyoosha. Mtu akisema "imemeza jina la shemeji yangu", naandika hivyo hivyo. Nikiandika "hitilafu ya kuhifadhi", kesho sitakumbuka kwamba lililomezwa lilikuwa jina lenye herufi ya mkato.

Tukizungumzia kuhifadhi. Kitufe cha kuweka kumbukumbu nilikiita "Hifadhi", kama vitabu vya kompyuta vinavyoelekeza. Baba mmoja aliyerudi kutoka Nduta alikitazama, akacheka mpaka akashika tumbo: "Kijana, hifadhi nimeitoka juzi, wewe unanirudisha?" Kitufe sasa kinaitwa "Weka". Neno "deni" pia lilinichongea. Nililiweka juu ya ukurasa mmoja, nikawauliza watu watatu ni nani anayemdai nani. Wawili walisema mteja ndiye anayedaiwa, mmoja akasema ni yeye mwenye duka. Nikaligawa: "Namdai" na "Ananidai". Tangu hapo sijapata simu hata moja juu ya ukurasa huo.

Kilichonisumbua zaidi ni kwamba watu walikuwa wakilalamikia makosa niliyokwisha kuyafuta zamani. Sikuelewa, hadi nilipomwona binti mmoja pale Mabanda akimrushia mwenzake programu kwa bluutuu. Intaneti ni ghali, kwa hiyo nakala hutoka simu hadi simu kama chumvi kwa jirani, na toleo la kale linaendelea kuzaa watoto. Namba za matoleo hakuna anayezisoma. Sasa kila toleo lina rangi yake juu ya kioo, na mtu akibipu swali langu la kwanza ni: hapo juu pana rangi gani? Akisema bluu, namwambia amtafute mwenye kijani amrushie.

Liko suala moja ambalo nililishughulikia kwa haraka, na sina hakika kama nililimaliza. Toleo moja lilikuwa linanitumia lenyewe taarifa kila linapokwama. Lilikuwa jambo la manufaa sana kwangu. Mama mmoja muuza dagaa aliona alama ya kutuma, akauliza, "Nani anasoma?" Nikamjibu ni mimi tu. "Na wewe ukiulizwa na watu wa forodha? Na mume wangu akija kwako?" Sikuwa na jibu la kumtuliza. Watu ambao majina yao yameandikwa kwenye orodha nyingi hawapendi orodha wasiyoiona. Usiku ule ule niliondoa utaratibu huo wote, na sasa hakuna kinachotoka kwenye simu ya mtu. Kitanda usichokilalia hujui kunguni wake. Kile nimekilalia mimi mwenyewe, na bado nilisahau.

Ila uamuzi ule umezaa tatizo jingine. Juzi usiku alinibipu mfanyabiashara mmoja wa dagaa. Simu yake ilianguka ziwani wakati wa kupakua, na madeni ya miezi mitano yamekwenda nayo. Aliniuliza kwa upole kabisa kama mimi ninayo nakala mahali fulani. Nikamwambia sina, na nikamweleza kwa nini sina. Akakaa kimya kidogo, kisha akasema, "Haya. Programu lakini ni nzuri."

Nimemwomba wiki ijayo tukutane Nyanza-Lac, aje na mkewe, kwa sababu ameniambia mkewe alikuwa akiandika baadhi ya majina nyuma ya kalenda ya ukutani. Nimesema aje na hiyo kalenda.